Vikombe Vitatu, Maji Sufuria Moja

Kila nyumba Mbagala ina chai inayoiapia. Hapa wanasema chai bila tangawizi ni maji ya moto tu. Nyumba ya pili waliletewa iliki na shangazi kutoka Unguja, na tangu siku hiyo hawataki kusikia kingine. Ya tatu ni watu wa mchaichai, wanauchuma uani pale unapoota karibu na karo. Katikati ya ubishi huo, maduka kuanzia Zakhem mpaka Rangi Tatu yamejaza rafu pakiti ndogo ndogo za majani ya chai yenye kionjo: ya tangawizi, ya mdalasini, ya iliki, ya masala, ya ndimu, ya vanila. Wanaotoka Zanzibar huja na nyingine, zilizofungwa kwa ajili ya watalii kwenye vikapu vya ukili. Bei hazilingani, picha zote zinapendeza, na mwenye duka ukimuuliza ipi nzuri atakuonyesha ile iliyomdodea.

Ipi inastahili hela yako ni jambo unaloweza kulijua mwenyewe, mezani kwako, kwa asubuhi moja ya Jumapili. Hakuna kifaa cha kuagiza. Unahitaji vikombe vitatu vinavyofanana, ikiwezekana vyeupe ndani, chujio, saa ya simu, na moyo wa kunywa chai bila sukari kwa dakika chache. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi.

Namna tunavyolinganisha chai siku zote haitufikishi popote. Jumatatu unakunywa ya tangawizi kwa mama lishe, na chapati ya moto pembeni. Jumatano unakunywa ya mdalasini nyumbani, imechemka mpaka imekuwa nyeusi tii kwa sababu uliingia kuoga ukaisahau jikoni. Ijumaa unatoa hukumu kwamba ya tangawizi ni bora. Hapo umelinganisha chapati, sukari, maji na muda wako wa kuoga. Ukitaka majani yenyewe yajieleze, vingine vyote vibaki vilevile, kibadilike kimoja.

Kwa sisi wa huku, cha kwanza kukidhibiti ni maji. Nyumba moja Mbagala inaweza kuwa na maji ya aina tatu kwa wakati mmoja: ya bomba la DAWASA yanapotoka, ya kisima kirefu cha jirani anayeuza kwa ndoo, na ya dumu la mkokoteni ambalo hakuna anayejua limejazwa wapi. Visima vyenyewe havifanani. Kimoja maji yake ni matamu kabisa, cha mtaa wa pili yana chumvi ambayo wenyeji wameizoea hata hawaisikii tena. Kwenye chai chumvi hiyo haijifichi. Maji yenye chokaa na chumvichumvi hushikana na vile vitu vya kwenye majani vinavyoipa chai rangi na ukakasi, na matokeo yake unayaona kwa macho: rangi inafifia, inakuwa ya kahawia iliyopooza, na kikombe kikitulia panatanda juu utando mwembamba ambao ukikisogeza unapasuka vipande vipande na kuacha duara ukingoni. Wengi hudhani sufuria haikusuguliwa vizuri, na dada wa watu anagombezwa bure. Kamulia matone mawili ya ndimu uone utando ule unavyoyeyuka.

Kwa hiyo jaribio la kwanza lisiguse kionjo chochote. Chukua majani yako ya kila siku, utengeneze vikombe viwili kwa kipimo kilekile: kimoja kwa maji ya kisima, kingine kwa maji ya chupa ya dukani. Ukikuta tofauti kubwa, umepata habari nzito kuliko zote zitakazofuata. Pengine chai yako haikuwa na kosa lolote, na ile hela ya kununua pakiti ya bei mbaya ingefanya kazi zaidi kwenye ndoo ya maji ya bomba iliyowekwa kando kwa ajili ya birika tu. Utaelewa pia kwa nini mtu aliyekwenda likizo Mufindi au Rungwe hurudi akilalamika kwamba majani yaleyale, akiyapika hapa, hayana ladha aliyoiacha kule. Kuanzia hapo chagua maji ya aina moja, uyachemshe kwenye sufuria moja, uyamimine kwenye vikombe vyote kwa wakati mmoja.

Cha pili ni kipimo, na hapa kijiko kinadanganya. Chai yetu nyingi, ya Tanzania na ya Kenya, ni ile ya punje ndogo nyeusi. Inatengenezwa kwa mashine zinazoponda, kurarua na kukunja jani, njia iliyoanzia Assam kule India karibu mwaka 1930, na sifa yake ni kutoa rangi upesi na kustahimili maziwa. Kijiko cha punje hizo kina uzito wake. Kijiko hichohicho cha majani marefu yaliyokunjwa, au cha mchanganyiko wenye magome na maganda ya iliki, nusu yake ni hewa. Ukipima kwa kijiko utaitukana ile ya pili kwamba ni chai maji, kumbe umeiweka kidogo.

Kama huna mizani midogo, nunua pakiti za gramu 50. Mwaga pakiti yote kwenye sinia safi na kavu, uichanganye kwa mkono, kwa sababu vipande vizito vya viungo na vumbi la chai huzama chini ya pakiti na vikombe vya mwanzo havifanani na vya mwisho. Kisha gawa kwa kisu mafungu mawili sawa. Kila fungu ligawe mara mbili, na tena, na tena. Ukigawa mara nne unabaki na mafungu 16, kila moja gramu 3 na ushee. Fungu moja ni la kikombe kimoja. Maji ya chupa ya nusu lita yanatosha vikombe vitatu, kama mililita 165 kila kimoja. Hesabu hiyo inakusogeza karibu sana na kipimo cha waonjaji wenyewe: kanuni ya kimataifa ya kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1980, inataka gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, na dakika sita. Chai yako itatoka kali kuliko uliyoizoea. Iache hivyohivyo, maana kwenye chai nyepesi kasoro hazionekani.

Mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika kila kikombe kwa kisosi, hesabu dakika sita, chuja. Usitumie chupa ya chai, ile ya kutunza moto, hata kama imeoshwa kwa sabuni mara ngapi. Chupa iliyowahi kukaa na chai ya tangawizi haisahau, na kila utakachokitia humo kitakuwa na tangawizi kidogo.

Namna ya kuonja tuwaige wenye kazi yao. Chai ya Tanzania imeuzwa kwa miaka mingi kwenye mnada wa Mombasa, na tangu mwaka 2023 tuna mnada wetu hapa Dar es Salaam. Kabla chai haijapata bei, mwonjaji anapita kwenye safu ndefu ya vikombe vyeupe, anachota kwa kijiko, anavuta kwa kishindo, anatema, anasogea kikombe kinachofuata. Kile kishindo ambacho bibi angekufinyia sikio kina kazi yake. Chai ikivutwa pamoja na hewa inatawanyika mdomo mzima na harufu inapanda puani kwa njia ya nyuma ya koo, na harufu ndiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha. Ndiyo maana ukiwa na mafua makali, ya iliki na ya mdalasini zote ni moja. Basi vuta kwa kelele zako zote, watoto watafurahi, na uweke bakuli la kutemea. Ukimeza vikombe sita vya chai kali tumbo likiwa tupu utatetemeka mikono na moyo utakwenda mbio, na hapo hata kuandika ulichokionja itakuwa shida.

Na kuandika ni lazima, kila mtu kwenye karatasi yake, kabla hajafungua mdomo kutoa maoni. Mkubwa wa nyumba akishasema "hii ya kwanza ndiyo yenyewe", wengine wote watakubaliana naye kwa heshima. Maneno tunayo ya kutosha. Ukakasi ni ule unaokausha ulimi na kuufanya uwe na mkwaruzo. Uchungu unakaa nyuma. Ukali wa tangawizi na pilipili manga unawaka kooni. Kuna chai nzito inayojaza mdomo, na kuna nyepesi inayopita bila kuaga. Andika pia harufu ya majani yaliyobaki kwenye chujio, maana majani yaliyolowa yanasema ukweli kuliko makavu. Halafu rudia kuonja kikombe kikishapoa. Chai ya moto inasamehewa mengi, lakini ikipoa, ile iliyochakaa inaonekana wazi.

Mpangilio wa vikombe nao unaamua matokeo. Anza na chai tupu isiyo na kionjo, ya kampuni ileile kama inapatikana, iwe ndiyo kigezo. Fuata na mchaichai au ndimu, kisha vanila, iliki, mdalasini, tangawizi, halafu masala yenye pilipili manga. Karafuu iwe ya mwisho kabisa. Mafuta ya karafuu ndiyo ambayo madaktari wa meno wameyatumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu ya jino, kwa sababu yanatia ganzi. Ukianza nayo, ulimi umeshalazwa, na vikombe vyote vinavyofuata utavihukumu kwa dhuluma. Katikati ya kikombe na kikombe sukutua kwa maji ya uvuguvugu, utafune kipande cha mkate mweupe au muhogo wa kuchemsha usio na chumvi. Siku hiyo usichome udi sebuleni, usijipulizie manukato, na kama jirani ameanza kukaanga samaki, ahirisha. Ndiyo maana ninapendekeza asubuhi: vitunguu vya watu bado havijaingia kwenye mafuta.

Sasa tuje kwenye pakiti zenyewe. Kabla hujazitia maji, mwaga fungu moja la kila aina kwenye karatasi nyeupe, ulitawanye kwa kidole, utazame. Je, unaviona viungo? Chai ya mdalasini iwe na vipande vya gome au unga wa kahawia uliotulia chini. Ya iliki iwe na maganda au mbegu nyeusi. Ya tangawizi iwe na nyuzi na vipande vyeupe vilivyokauka. Kama unaona punje nyeusi tupu na harufu inakurukia kutoka nusu mita, kionjo hicho kimepuliziwa. Geuza pakiti usome viambato, uone kama wametaja kiungo au wameandika ladha tu. Hapohapo tazama tarehe ya kwisha muda na alama ya TBS.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Kupuliziwa peke yake hakufanyi chai iwe mbaya. Wachina wana chai ya asumini ambayo majani hulazwa usiku pamoja na maua yaliyochumwa siku ileile, asubuhi maua yanaondolewa, na kazi hiyo inarudiwa usiku mwingine kwa maua mapya. Ukiitazama kwenye karatasi huenda usione hata petali moja. Waingereza wana Earl Grey, chai iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalolimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Ni chai yenye heshima zake. Swali la maana ni je, harufu ile inaingia kwenye maji na inakaa? Mimina maji ya moto mara ya pili kwenye majani yaleyale. Kiungo cha kweli, hasa gome la mdalasini na tangawizi kavu, bado kitakuwa na cha kutoa. Harufu iliyopuliziwa juu juu huwa imekwisha yote kwenye kikombe cha kwanza, na cha pili kinabaki chai maji isiyo na jina.

Vanila ina kesi yake peke yake. Vanila halisi, ambayo inalimwa hata kwetu Kagera, ni miongoni mwa viungo ghali kuliko vyote duniani. Pakiti ya bei ya kawaida haiwezi kuwa na vanila ya kweli ya kuhisika, na karibu kila mara ni harufu iliyotengenezwa kiwandani. Kama unaipenda, inywe kwa amani, ila usiilipie bei ya kitu kingine.

Jaribio ninalolipa uzito kuliko yote ni hili. Weka vikombe vitatu. Cha kwanza ni majani ya kawaida ya kampuni fulani. Cha pili ni pakiti ya kampuni hiyohiyo yenye kionjo, tuseme iliki. Cha tatu ni majani yale ya kawaida, lakini iliki umeitia mwenyewe, ya sokoni, umeipondaponda dakika ileile. Ulinganisho huu unajibu maswali mawili kwa mpigo. La kwanza, je, wameweka kiungo cha kutosha? La pili, ambalo wengi hawaliulizi, je, chini ya kionjo kuna majani gani? Kionjo kina tabia ya kufunika. Ukikuta cha pili kina rangi iliyopauka na ukakasi mwepesi kuliko cha kwanza, basi umenunua harufu iliyovishwa majani hafifu, na kwa kawaida umeilipia zaidi.

Kwa maoni yangu, kikombe cha tatu hushinda mara nyingi, na mkazi wa Dar es Salaam hana sababu ya kushangaa. Chai ilianza kupandwa nchini zama za Wajerumani, Amani ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, pale walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Milima hiyohiyo ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, inatoa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Tangawizi inashuka kutoka Same. Ng'ambo ya maji kuna Unguja na Pemba. Yote hayo yanakutana Kariakoo na kugawanyika mpaka meza za Rangi Tatu. Mtu wa Ulaya anayenunua chai yenye kionjo hana mwuza viungo wa kumwomba nyongeza.

Huyo mwuza viungo mtumie vizuri. Ukifika mezani kwake usiseme tu "nipe iliki ya buku" ukaondoka. Mwambie, "Mama, naomba nipasue moja nione." Mwenye mzigo mzuri hatakataa. Ndani ya ganda mbegu ziwe nyeusi, zenye unato kidogo, na harufu ipande hapohapo. Zikiwa za kijivu, kavu, zinamwagika zenyewe, hiyo imekaa. Mdalasini nunua wa gome, acha wa unga, kwa sababu ukishasagwa hakuna jicho la kuutofautisha na kasia, ndugu yake wa Asia aliye mkali na mwenye kumarini nyingi, kitu ambacho kikizidi kwa muda mrefu si rafiki wa ini. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: nzuri huacha mafuta kidogo.

Kwa maji ya nusu lita na mafungu matatu ya majani, anza na iliki nne zilizopondwa na maganda yake, au kipande cha mdalasini chenye urefu wa kiungo kimoja cha kidole, au tangawizi mbichi inayolingana na ncha ya kidole gumba, iliyoparuzwa. Usivitie vyote kwa wakati mmoja, maana tunalinganisha. Mdalasini ni mvivu, unataka kuchemka kwenye maji dakika tano hivi kabla hujayamimina kwenye majani. Iliki ni kinyume chake: harufu yake inaruka upesi, itie mwishoni na ufunike. Tangawizi ipo katikati, na kumbuka kwamba iliyokaushwa inawaka kuliko mbichi, kwa hiyo pakiti ya tangawizi kavu na kipande kibichi cha sokoni ni vitu viwili tofauti hata kama vyote vinaitwa chai ya tangawizi. Maji yakipungua kwa kuchemka, yajazie yarudi nusu lita kabla ya kugawa.

Kuna pakiti ambazo hazishindwi kirahisi. Masala nzuri ina viungo vitano au sita vilivyopatanishwa, na kupatanisha pilipili manga, karafuu na kungumanga jikoni kwako ni kazi ya kurudia na kurudia. Aliyeiweza kuichanganya alipwe. Na kwa mwanafunzi wa hosteli au fundi anayebeba birika lake kazini, pakiti moja isiyohitaji kinu wala kisu ina thamani ambayo vikombe vyangu vitatu haviipimi.

Zile za kwenye vikapu vya ukili zitazame kwa jicho la pili. Zikitoka kwa mwuzaji mwenye wateja wengi pale Darajani zinaweza kuwa nzuri sana. Ila pakiti iliyoning'inia mlangoni mwa duka la watalii ikipigwa jua kutwa, msimu baada ya msimu, imebaki na kikapu tu.

Ukishapata washindi wawili bila sukari, wapeleke jikoni wanakostahili. Hakuna anayeamka Mbagala akanywa chai ya dakika sita bila sukari kwa hiari yake. Tengeneza kila moja kama unavyoipika siku zote, kwenye sufuria, na sukari iliyopimwa sawasawa, kwanza ya rangi, halafu ya maziwa. Hapa matokeo huweza kupinduka. Chai iliyokuwa na ukakasi wa kukera inatulia kabisa kwenye maziwa, na ile laini ya kupendeza inapotea, unabaki kunywa maziwa ya rangi. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wanalijua hili kwa karak yao: majani makali, yamechemshwa sana na maziwa ya kopo na iliki, na majani laini hapo yangekuwa hasara. Mchaichai na ndimu waache kwenye chai ya rangi. Ndimu hukata maziwa, hilo kila mtu analijua. Linalowasumbua wengi bila kujua ni tangawizi mbichi: ndani yake kuna kimeng'enyo kinachogandisha maziwa yakiwa na joto la wastani. Ichemshe kwanza kwenye maji mpaka itokote vizuri, ndipo utie maziwa, hayatakatika.

Mwisho wa ubishi wa nyumbani upo kwenye mchezo mmoja ambao wenye viwanda vya vyakula wanautumia kila siku. Mtu mmoja abaki jikoni. Aandae vikombe vitatu, viwili vya chai ileile na kimoja cha nyingine, abandike namba chini ya vikombe, alete sebuleni bila kusema neno. Kazi ya anayeonja ni kutaja kipi ni cha peke yake. Kwa kubahatisha tu atapata mara moja katika tatu, kwa hiyo rudieni, mkibadilisha mpangilio. Asiyeweza kuitambua ile chai ya bei ya juu vikombe vikichanganywa anaweza kuanza kununua ile ya bei ya chini bila kuona haya. Mjomba anayeapa kwamba anaijua chai yake hata gizani apewe nafasi ya kwanza. Wadogo wavute harufu tu, kikombe si chao, na mama mjamzito au mwenye upungufu wa damu aonje mbali na mlo, kwa kuwa chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayapata kwenye mboga na maharage.

Chai uliyoichagua itunze, maana Dar es Salaam si Njombe. Unyevu wetu, hasa masika, unaingia kwenye pakiti iliyofungwa kwa kibanio cha nguo na kuyalegeza majani ndani ya wiki chache. Majani ya chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu, ndiyo maana yale ya duka ambalo chai, sabuni ya unga na mafuta ya taa vinakaa rafu moja huja na ladha ambayo haikuandikwa kwenye pakiti. Kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko, mbali na dagaa, linatosha. Chai ya kionjo na chai tupu zisikae kopo moja, wala zisipokezane kopo. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu juu ya mfuniko.

Yale mafungu yaliyobaki kwenye sinia nayo yana kazi. Ya pakiti zilizoshindwa yachanganye, yaloweke usiku kucha kwenye maji baridi ndani ya friji, asubuhi uchuje, utie ndimu na sukari, mchana wa jua la Mbagala itanyweka. Ya karafuu usiyachanganye humo. Yafunge peke yake, uyatumie kidogo kidogo siku ukitaka, la sivyo jagi zima litakuwa karafuu.